Kaka anauza nyumba ya marehemu baba, anataka nisaini. Nifanye nini?

"Assalam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa Muheza, lakini kwetu ni Ngamiani, Tanga. Baba yetu alifariki mwaka 2016. Aliacha mke mmoja, ambaye ni mama yetu na yu hai, na watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Aliacha nyumba ya vyumba sita yenye fremu mbili kwa mbele, na shamba la minazi Kigombe. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao, wakamchagua kaka yetu mkubwa asimamie mirathi. Tangu siku hiyo kodi anakusanya yeye, mama anapewa ya matumizi tu. Sasa tumesikia amempata mnunuzi wa nyumba kwa shilingi milioni 48 na nusu ya pesa ameshapokea. Wiki hii amekuja kwangu na karatasi ya ridhaa, anasema wakili ameshaiandaa, niisaini kabla ya Jumamosi. Ameniletea milioni mbili kwenye bahasha, eti mtoto wa kike hana nyumba, hiyo ni hisani yake. Mdogo wangu wa kiume keshasaini. Mama analia, anasema nyumba ile waliijenga wote wawili, yeye akiuza vitumbua. Watu wananichanganya: huyu anasema nenda polisi, yule anasema nenda Baraza la Ardhi, wengine wananiambia nikimshtaki ndugu yangu nitakuwa nimevunja ukoo. Sina pesa ya wakili. Haki yangu ni ipi, na nianzie wapi?"

Waalaykum salaam dada yangu, na pole kwa yaliyokukuta.

Nianze na lenye haraka. Jumamosi usisaini. Sisemi hivyo kwa sababu kaka yako ni mwizi. Simjui, na huenda ana maelezo yake. Nasema hivyo kwa sababu hujaniambia karatasi ile imeandikwa nini ndani, na nahisi hata wewe hukuachiwa nafasi ya kuisoma. Karatasi nyingi za "ridhaa" nilizowahi kuziona zina mstari mmoja karibu na mwisho unaosema msaini ameshapokea fungu lake lote na hana madai mengine yoyote. Ukisaini hiyo, bahasha ya milioni mbili inageuka kuwa urithi wako wote, pamoja na shamba la Kigombe ambalo hata halikutajwa. Mwambie kwa upole, "Kaka, niachie nakala niisome na mume wangu." Karatasi ya haki ikilala kwako siku mbili tatu haiharibiki. Akikataa kukuachia nakala, basi hapo umeshajifunza jambo.

Umeniuliza maswali mengi kwa pamoja, lakini chini yake lipo moja linalobeba yote: kaka yako, mbele ya sheria, ni nani? Wewe unamwita msimamizi wa mirathi. Mimi bado sijui kama ni msimamizi.

Hapa ndipo familia nyingi za mjini kwetu zinapojikwaa, kwa hiyo nivumilie nilieleze taratibu. Khitma imesomwa, wageni wamepungua, ndugu wa karibu wamebaki kwenye majamvi. Baba mdogo anafungua kikao kwa Fatiha, mtu mwenye mwandiko mzuri anapewa daftari, mtoto mkubwa anatajwa, watu wanaitikia, majina yanaorodheshwa na sahihi zinawekwa. Kila mtu anatoka pale akiamini kwamba msimamizi amepatikana. Hajapatikana. Kilichopatikana ni pendekezo. Kikao cha ukoo ni desturi nzuri na mahakama hupenda kuona muhtasari wake, kwa kuwa unaonyesha warithi ni akina nani na wanamwamini nani. Lakini mwenye uwezo wa kumteua msimamizi ni mahakama peke yake. Si ukoo, si mwenyekiti wa mtaa, si sheikh. Hata kadhi wa BAKWATA, ambaye anaweza kuwakokotolea mafungu ya faraidhi, yaani urithi wa Kiislamu, vizuri kuliko mimi, hatoi barua ya usimamizi.

Kwa marehemu aliyeishi Kiislamu, au aliyefuata mila za kabila lake, maombi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali alipokuwa akiishi kabla ya kufa. Mwombaji anajaza Fomu Na. 1, anaambatanisha cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha hakimu akiridhika anampa barua ya usimamizi, ile inayoitwa Fomu Na. 4. Barua hiyo ndiyo inayomfanya mtu kuwa msimamizi. Asiyekuwa nayo ni mtoto wa marehemu kama mlivyo nyote, hata kama kodi anaikusanya yeye tangu 2016.

Kwa hiyo safari yako ya kwanza haiwi polisi, wala Baraza la Ardhi, wala ofisini kwa wakili kama mimi. Iwe Mahakama ya Mwanzo inayohudumia eneo alilokuwa akiishi baba. Nenda asubuhi mapema kabla kesi hazijaanza kuitwa. Beba kitambulisho chako, na kama unalo, cheti chako cha kuzaliwa na nakala ya cheti cha kifo cha baba. Nenda na mama, maana mjane naye ni mrithi na sauti yake ina uzito. Mwambie karani kwamba ninyi ni warithi wa fulani aliyefariki mwaka 2016 na mnaomba kujua kama lipo jalada la mirathi yake. Kama lipo, ombeni kulikagua. Ada yake ni ndogo, na hiyo ni haki yenu wala si upendeleo.

Jalada likifunguliwa usilipitishe macho juu juu. Tazama muhtasari wa kikao: je, jina lako lipo kati ya warithi? Lina sahihi? Ni yako? Niliwahi kukaa kwenye benchi na mama mmoja tukafunua jalada la baba yake, tukakuta jina lake limewekewa alama ya dole gumba. Mama yule ni mwalimu mstaafu, aliangalia lile doa la wino wa buluu kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, mimi tangu lini sijui kuandika?" Mambo kama hayo yapo. Kisha tafuta Fomu Na. 4, uone nani ameteuliwa na lini. Tafuta Fomu Na. 5, ambayo ni orodha ya mali na madeni ya marehemu. Kanuni zinamtaka msimamizi aiwasilishe ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, isipokuwa mahakama imwongezee muda. Mwisho tafuta Fomu Na. 6, hesabu ya namna mali ilivyogawanywa. Chukua nakala ya vyote ulivyokuta, na vile usivyovikuta viandike pembeni kwenye karatasi yako.

Ukitoka pale utakuwa kwenye moja ya njia mbili, na zinatofautiana sana.

Tuseme hakuna jalada. Kaka hakuwahi kwenda mahakamani, aliishia kwenye kikao. Basi hana cha kuuza. Hawezi kumpa mtu umiliki ambao yeye mwenyewe hana, na mnunuzi aliyempa milioni 24 anayo hati ya mauziano mkononi lakini nyumba hana. Ule muhuri wa serikali ya mtaa uliopigwa chini ya hati, ambao watu wetu wanauheshimu kama msahafu, unashuhudia tu kwamba watu fulani walikaa wakaandikiana. Haumpi muuzaji mamlaka asiyokuwa nayo.

Hapo, lakini, kuna kona ambayo inawashangaza wengi. Hata kama mauzo ni batili, wewe binafsi huwezi kukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kumshtaki mnunuzi kuhusu nyumba ya baba. Utaulizwa, unashtaki kama nani? Nyumba bado ni mali ya marehemu, na anayesimama badala ya marehemu mahakamani ni msimamizi aliyeteuliwa. Nimeona kesi nzuri kabisa, yenye ushahidi wote, ikitupwa baada ya miaka mitatu kwa sababu aliyeifungua alikuwa mtoto tu wa marehemu, hana barua. Kwa hiyo mlango wa kwanza unabaki ule ule wa Mahakama ya Mwanzo: wewe au mama, au nyote wawili, mwombe usimamizi. Ukishapata barua ndipo uende kudai nyumba. Na mgogoro wa ardhi utapita kwanza Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui tena kesi za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na siku 30 zikipita bila suluhu unaruhusiwa kuendelea mbele hata bila cheti hicho.

Sasa tuseme jalada lipo na kaka ana barua. Hapa sitaki kukufurahisha kwa maneno matamu. Wengi wanaamini msimamizi hawezi kuuza mpaka warithi wote wasaini. Sivyo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishasema tangu miaka ya 1990 kwamba msimamizi aliyeteuliwa kihalali halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi ndipo auze. Sheria inampa uwezo huo ili mirathi isikwame kwa sababu ya mtu mmoja mkaidi, na kusema kweli nyumba moja yenye warithi watano mara nyingi haigawanyiki kwa njia nyingine: hukati chumba cha uani ukampa dada na korido ukampa kaka. Kwa hiyo kama kaka ni msimamizi halali, usijenge matumaini yako yote juu ya kuyafuta mauzo, hasa kama mnunuzi aliuliza, akaoneshwa barua ya mahakama, akalipa kwa nia safi.

Lakini uwezo wa kuuza si umiliki. Msimamizi ni kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa wenzake kwenye stendi: anaruhusiwa kuubeba na kuupakia, ila haugeuki kuwa wake kwa sababu ameuchoka. Kila shilingi inayotoka kwenye mali ya marehemu anaidaiwa maelezo. Na hapo simaanishi zile milioni 48 tu. Kodi ya vyumba na fremu tangu 2016 ni mali ya mirathi vilevile. Wapangaji wenu, hasa wa fremu, hawakosi daftari au ujumbe wa malipo kwenye simu. Waombeni kistaarabu wawaonyeshe walilipa kiasi gani na kwa nani, mwaka kwa mwaka. Kati ya ushahidi wote utakaoukusanya huu ndio wa rahisi, na watu wengi wanausahau kwa sababu akili yote iko kwenye bei ya nyumba.

Kama orodha ya mali haikuwasilishwa, au iliwasilishwa bila shamba la Kigombe, au kaka anauza na kugawa anavyojua yeye, mrithi yeyote anaweza kuiandikia mahakama hiyo hiyo iliyomteua akaomba aitwe atoe hesabu. Unaweza pia kuomba uteuzi wake utenguliwe. Hakimu anaweza kumwondoa msimamizi aliyepata barua kwa udanganyifu, au anayekiuka masharti ya uteuzi wake kwa makusudi au kwa uzembe na kuwaumiza warithi. Si lazima uanze na kumwondoa. Mara nyingi wito wa kwenda kutoa hesabu mbele ya hakimu unatosha kumfanya mtu atafute kalamu yake mwenyewe na kuanza kupiga mahesabu. Kama hukuridhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Ziandike ukutani, maana zinapita haraka.

Ninachojiuliza ni hiki: ikiwa kaka ana barua ya mahakama, mbona anahangaikia sahihi yako kabla ya Jumamosi? Huenda mnunuzi ni mwangalifu tu na anataka kuona familia nzima imeridhia, jambo la busara. Huenda pia barua haipo, na karatasi yenu ndiyo inayotafutwa izibe pengo. Hapa nakisia, jibu liko kwenye jalada.

Hilo la "mtoto wa kike hana nyumba" kaka amelitoa wapi? Si kwenye Uislamu. Kwa faraidhi, mjane mwenye watoto anapata thumuni, yaani moja ya nane, na kinachobaki wanagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Tuchukue bei ya kaka mwenyewe, milioni 48, na tuseme gharama za mazishi na madeni ya marehemu yalishalipwa, kwa sababu hayo hutangulia mgawanyo. Mama anapata milioni 6. Zinabaki 42. Mafungu ni sita, kila fungu milioni 7. Kaka zako kila mmoja ana milioni 14, wewe na dada yako kila mmoja ana milioni 7. Hiyo ni nyumba peke yake, bado kodi, bado shamba. Bahasha uliyoletewa haifiki hata theluthi ya fungu lako kwenye nyumba. Na kama anasingizia mila badala ya dini, tangu mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi ya ardhi ni batili kwa kiasi hicho, kwa hiyo hata Kigombe hajifichi nayo. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Mahakama Kuu kule Mwanza ilikataa mila iliyomzuia mwanamke wa Kihaya kuuza ardhi ya ukoo.

Tena, nani alisema bei ni milioni 48? Nyumba yenye fremu mbili Ngamiani, pale biashara haikauki, inafaa ipitiwe na mthamini kabla mtu hajakubali bei ya kwanza iliyobisha hodi. Pengine bei ni sawa. Pengine kaka naye amepunjwa.

Suala la mama ni gumu kuliko yote, nami nitalisema jinsi lilivyo. Mirathi hugawa mali ya marehemu tu. Kama sehemu ya nyumba ilikuwa ya mama tangu baba akiwa hai, sehemu hiyo haiingii kwenye mafungu. Anaichukua kwanza, kisha anapata na thumuni yake. Kiwanja kikiwa na majina yao wawili, mambo ni mepesi. Kikiwa na jina la baba peke yake, mama atalazimika kuthibitisha mchango wake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, lakini lile lilikuwa shauri la talaka, na kuibeba hoja hiyo mpaka kwenye mirathi kunahitaji mtu anayejua kuipanga. Vitumbua vya mama vina thamani mahakamani kama kuna mtu anayekumbuka: fundi aliyelipwa na yeye, jirani aliyeshuhudia akinunua saruji, kitabu cha upatu. Muulizeni sasa, muandike, kabla kumbukumbu haijafifia.

Kuhusu polisi. Kugombea mali ya urithi ni madai, na ukifika kituoni utaambiwa uende mahakamani, na watakuwa sahihi. Sura inabadilika ukikuta sahihi ya kughushi kwenye jalada au kwenye hati ya mauziano. Hiyo ni jinai. Ila fikiri vizuri kabla hujaufungua mlango huo, kwa sababu shauri la jinai likishaanza si wewe unayeamua liishie wapi. Nimewaona ndugu waliotaka tu kumtisha mwenzao wakaishia kumpelekea chakula mahabusu, wakilia wote wawili.

Wakati huo huo kuna mambo mawili ya kuzuia hasara isikue. Kwanza, mnunuzi ajulishwe kwa maandishi kwamba warithi wengine wana madai juu ya nyumba, na mbaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Yeye si adui yenu. Ametoa milioni 24 na huenda hajui lolote. Lakini akishajua halafu akamalizia malipo, hatasema tena kwamba alinunua gizani. Pili, kama nyumba ina hati iliyosajiliwa, mrithi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili jina lisihamishwe kimyakimya. Nyumba nyingi za Ngamiani hazina hati. Kama yenu ni hivyo, tegemeo ni amri ya zuio kutoka mahakamani.

Usikae sana. Kudai ardhi ya marehemu kuna ukomo wa miaka 12, na inahesabiwa tangu siku aliyofariki. Kwenu ni 2028. Miaka hiyo inaonekana mingi mpaka umtoe mtu kwenye nyumba.

Sasa wakili. Umesema huna pesa, na labda utashangaa nikikuambia kwamba sehemu kubwa ya haya niliyoyaandika huhitaji wakili kuyafanya. Mahakama ya Mwanzo ilijengwa ili mtu ajieleze mwenyewe kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi mawakili hata hatukuruhusiwa kusimama mle ndani. Kukagua jalada, kuandika barua ya malalamiko, kuomba usimamizi, kukaa kwenye usuluhishi wa kata, hayo utayaweza. Kwenye kuandika watakusaidia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawatozi pesa, na kwa upande mwingine hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani. Ulizia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako wanapatikana wapi. Wapo pia TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023, ambayo migogoro ya ardhi na mirathi ndiyo hasa inayoisikiliza inapopita mikoani.

Wakili mtafute, hata kwa kuuza mbuzi, ikitokea mojawapo ya haya: mnunuzi ameanza kubomoa au kuwatoa wapangaji na mnahitaji zuio la haraka, hati imeshahamishwa jina, mambo yamepanda kwa rufaa, umekuta sahihi ya kughushi, au mama ameamua kudai mchango wake. Hapo kosa moja la utaratibu linagharimu kuliko ada yetu. Ukija, uliza mapema: ushauri kiasi gani, kuandika kiasi gani, kusimama mahakamani kiasi gani. Makubaliano yawe kwenye karatasi na kila malipo yawe na risiti. Hakikisha pia kwamba mtu huyo ni wakili kweli mwenye leseni ya mwaka huu. Jina lake linatazamika kwenye mfumo wa Mahakama unaoitwa e-Wakili. Pembezoni mwa mahakama zetu vishoka hawakosekani, wana suti na mikoba, na wanajua kuongea kuliko sisi.

Na yule "wakili aliyeandaa karatasi"? Yule ni wakili wa kaka yako. Anaweza kuwa mtu mwema na mwaminifu, ila anamtetea aliyemlipa. Akikuambia karatasi haina shida, ana maana haina shida kwa mteja wake.

Mwisho, hili la kuvunja ukoo. Silidharau, kwa sababu mtamhitaji kaka yenu kwenye harusi na misiba kwa miaka ijayo. Ukishakuwa na nakala za jalada mkononi, kabla hujafungua lolote, muombe baba mdogo au shangazi anayeheshimika awaite mkae. Kikao kile hakina uwezo wa kuteua msimamizi, nimeshasema, lakini kina uwezo wa kumuuliza mtu, "Mwanangu, kodi ya miaka yote hii iko wapi?" Warithi wote mkiwa watu wazima mnaweza kukubaliana mnavyotaka: kuuza kwa bei nzuri na kugawana, kaka awanunue wenzake, au nyumba ibaki mama aishi humo na kodi igawanywe. Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe yapelekwe kwenye jalada mahakamani. Msiyaache kwenye daftari la nyumbani. Kama hamkukubaliana, hakuna aliyekutoa kwenye ukoo kwa kwenda kumuuliza hakimu.

Zimebaki zile milioni mbili. Kuzipokea si kosa, na najua zinaweza kuwa na kazi ya kufanya nyumbani kwako. Lakini usizipokee kwa karatasi yake. Chukua karatasi yako uandike kwa mkono: "Leo tarehe fulani nimepokea shilingi 2,000,000 kutoka kwa kaka yangu, ikiwa ni sehemu ya fungu langu katika mirathi ya marehemu baba yetu, hesabu kamili bado haijafanyika." Usaini wewe, asaini yeye, ashuhudie mjumbe, kila mmoja abaki na nakala. Akikataa kuweka sahihi yake hapo, mrudishie bahasha yake.